Jambia la mazoezi: raba, mbao, plastiki au chuma?

Kabla hujanunua jiulize kwanza utalifanyia nini, hapa ndo wengi wanachemka. Jambia la karne ya 15, lile la kina Fiore dei Liberi na Hans Talhoffer, walimu wa mapigano wa Ulaya enzi hizo, sio kudunga tu, sehemu kubwa ni kushikana mikono, kufunga kiwiko, kunyang'anyana, na ubapa wenyewe unatumika kama wenzo, unaupitisha juu ya mkono wa mwenzako alafu unavuta. Kwa hiyo unataka kitu kigumu ukikaba ila kinacholegea ukidunga, na hapo ndo shughuli.

Raba laini haiumizi, sawa, lakini ukijaribu kufunga mkono nayo inajikunja kama ndala, na mwenzako akichomoka unadhani mbinu ndo mbovu kumbe raba.

Mbao nazipenda kwa mazoezi ya pole pole. Chukua mbao ngumu, nyuzi zimenyooka toka mpini mpaka ncha, bila fundo hata moja. Langu la kwanza lilikuwa na fundo karibu na mpini, nikalidharau, siku moja tunanyang'anyana likakatika paa! nikabaki nimeshika kijiti chenye ncha kali kuliko jambia lenyewe. Siku hizi kabla ya kuanza nalipitishia kitambaa, kikinasa popote kuna kibanzi, napiga msasa.

Alumini haishiki kutu ila ikigongwa inatoa vimeno vinavyochana glavu, weka tupa karibu. Na haipindi, kwa hiyo usidungane nayo kwa nguvu. Bomba tupu la PVC achana nalo kabisa, likipasuka linatoa vipande vyenye makali.

Kwa kupigana huru, yaani bila kupanga mapigo, tafuta naironi (plastiki ngumu) au chuma butu chenye ubapa unaopinda. Jaribu hivi: simamisha ncha sakafuni, kandamiza mpini taratibu, ubapa ujikunje kama upinde na ukiachia urudi ulivyokuwa. Usipojikunja, hilo ni la mazoezi ya kupangwa tu, maana ukishika jambia ncha ikiangalia chini pigo linashuka na uzito wa bega zima. Ncha nayo iwe pana na ya mviringo, isiweze kupenya matundu ya maski, na hata hivyo kinga ya koo usivue.

Kama hela inatosha moja tu, chukua naironi. Ukipata nyingine ongeza la mbao.