Kompaila Ikianguka Ukijenga FreeBSD, Jenga Tena Kabla ya Kuilaumu

Ilikuwa Februari, chumbani kwangu Sinza, feni ya dari ikizungusha joto lile lile. Kompyuta yangu ya mezani ni mtumba wa Kariakoo, ina RAM mbili za GB 4. Saa mbili usiku nikaanzisha `make -j8 buildworld`, amri ya kujenga upya mfumo endeshi wa FreeBSD kutoka msimbo chanzo, kazi nane kwa pamoja. Haikufika saa nne, ikasimama katikati ya kujenga Clang, ambayo ndiyo kompaila ya FreeBSD, programu inayogeuza msimbo kuwa programu za kuendeshwa. Ujumbe: Segmentation fault, yaani programu imegusa memori isiyoruhusiwa (ishara namba 11). Nikamaliza siku mbili nashusha upya msimbo chanzo na kubadilisha mipangilio. Kompaila haikuwa na kosa.

Kwa hiyo usiguse kitu kwanza. Anza na `dmesg`, amri inayoonyesha ujumbe wa keneli, kiini cha mfumo. Ukikuta maneno `was killed`, kompaila haikuanguka. Keneli imeiua kwa sababu memori imekwisha. Shuka hadi `-j2` (kazi mbili kwa pamoja) au ongeza swapu, nafasi ya diski inayosaidia memori. Kuunganisha vipande vya Clang kuwa programu moja hula memori nyingi.

Kama hakuna maneno hayo, jenga tena huku unahifadhi kila kinachoandikwa:

`make -j8 buildworld 2>&1 | tee /root/jenga1.log`

Rudia mara tatu, kila mara na logi yake, kisha tazama ni faili gani lilikuwa linajengwa kompaila ilipoanguka. Usitazame mstari wa mwisho tu, maana kazi nane zikienda pamoja mistari huchanganyika. Likiwa faili lile lile kila mara, kosa huenda liko kwenye kompaila au kwenye msimbo. Clang huacha `/tmp` faili la msimbo uliokwishachakatwa na hati ya `.sh` ya kurudia kosa. Yatunze, watengenezaji watayahitaji.

Kwangu lilikuwa faili jingine kila mara. Msimbo haujabadilika, kompaila haijabadilika, majibu yanabadilika: hapo tafuta ugonjwa kwenye vifaa.

Nilianza na joto, kwa mji wetu ni lazima. Kwa prosesa ya Intel:

`kldload coretemp`
`sysctl dev.cpu.0.temperature`

Ilisoma nyuzi 96. Nikafungua kasha, vumbi limeganda kwenye kipoza joto kama zulia. Nikalipuliza, nikaweka pesti mpya juu ya prosesa, ikashuka hadi 74. Bado ikaanguka.

Ikabaki RAM. Niliwasha kompyuta kwa flashi yenye Memtest86+, programu ya kupima RAM, nikaiacha usiku kucha. Usikubali mzunguko mmoja. Wa kwangu wa kwanza ulipita safi, makosa yakatokea wa pili. Kisha pima RAM moja moja, kwenye tundu lile lile, ukiwa umesugua meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli. Moja ilipona kwenye kila kipimo, nyingine haikupona hata baada ya kusuguliwa. Nikaitoa.

Hatua inayofuata wengi huiruka, nami naisisitiza: futa kila kilichojengwa na RAM mbovu.

`rm -rf /usr/obj/*`

Biti moja ya memori ikigeuka, kompaila inaweza isianguke kabisa. Itaandika faili lenye kosa, nawe utalisimika bila kujua. Fanya hivyo hivyo umeme ukikatika katikati, kwa sababu faili lililoandikwa nusu linaweza kubaki pale. Kama unatumia ccache, programu inayotunza matokeo ya kompaila ili yatumike tena, isafishe pia kwa `ccache -C`.

Nikabaki na GB 4, nikajenga kwa `-j2`. Adhana ya alfajiri ilinikuta bado inajenga, na saa sita mchana ikamaliza.