Jinsi ya Kutumia Programu Kupanga Kasi na Kina cha Kukata kwenye Mashine ya CNC

Mafundi wengi wanaochonga vipuri kwa mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, huweka kasi moja ya kusogeza kisu tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho, na kasi hiyo huwa imepangwa kwa ajili ya sehemu ngumu kuliko zote, yaani kona. Kwa hiyo mashine hujikokota mahali ambapo ingeweza kwenda haraka, na bado ikifika konani kisu huelemewa. Programu za kuboresha njia ya kisu huondoa tatizo hili kwa kuweka unene wa maranda ya chuma katika kiwango kimoja njia nzima; muda wa kazi hupungua kama tokeo la hilo. Hata hivyo, programu hufanya hesabu kwa takwimu ulizoijazia, na ndiyo sababu kazi huanzia kwenye mashine yenyewe kabla ya kuwasha kompyuta.

Soma kwanza kibao cha mashine upate kikomo cha mizunguko ya spindeli (mhimili unaozungusha kisu) na nguvu ya mota, ukizingatia kwamba spindeli nyingi hazitoi nguvu yake yote zinapozunguka polepole. Kisha funga kisu kwenye kishikio chake, kizungushe kwa mkono na upime kwa saa ya kupimia (kifaa chenye mshale kinachoonyesha tofauti ndogo za milimita) kama kimekaa katikati. Hapa sishauri haraka yoyote. Kisu kinachoyumba kwa milimita 0.02, huku kila jino likipangiwa kula milimita 0.06, maana yake ni kwamba jino moja linabeba mzigo wa ziada wa karibu theluthi moja, na hakuna programu itakayoliona jambo hilo. Pima pia urefu wa kisu kinachotokeza nje ya kishikio. Kupinda kwa kisu huongezeka kwa kipeo cha tatu cha urefu huo, hivyo kisu kilichotoka milimita 48 badala ya 36 hupinda zaidi ya mara mbili kwa nguvu ileile.

Tuchukue mfano wa shimo la mstatili lenye kina cha milimita 24 na kona za nusukipenyo cha milimita 8, katika chuma cha EN8 (chuma cha kaboni ya wastani), likichongwa kwa endimili, yaani kisu cha mviringo chenye meno ubavuni na nchani, ya kabaidi (metali ngumu sana) iliyopakwa utando mgumu, yenye kipenyo cha milimita 12 na meno manne. Tukichagua kasi ya kukata ya mita 150 kwa dakika, tunaizidisha kwa 1,000 na kugawanya kwa zao la pai na kipenyo. Tunapata mizunguko 3,980 kwa dakika. Kila jino likila milimita 0.06, kisu kitasogea milimita 955 kwa dakika.

Kisu kinapogusa ukuta kwa upana wa milimita 1.2 tu, ambao ni asilimia 10 ya kipenyo chake, maranda hayafikii unene wa 0.06 uliokusudiwa. Kwa sababu ya mviringo wa kisu, unene wake wa juu kabisa huwa asilimia 60 tu ya ulaji uliouandika. Ili kurudisha unene wa 0.06, ulaji wa kila jino unapaswa kupandishwa hadi 0.1, na kisu kisogee milimita 1,592 kwa dakika. Programu nyingi zina kisanduku cha marekebisho haya. Kiwashe, lakini usikiwashe huku umeshaongeza ulaji kwa mkono, maana marekebisho yatafanyika mara mbili.

Sasa tazama kona. Kwa upana huohuo wa milimita 1.2, kisu kikiwa kwenye ukuta ulionyooka hukumbatiwa na chuma kwa pembe ya nyuzi 37 hivi. Kikiingia kwenye kona ya mraba kwa njia ya kawaida, pembe hiyo hupanda ghafla hadi karibu nyuzi 127. Hapo ndipo mlio hubadilika na ncha za meno hubanduka.

Kuna namna mbili za kulitatua kwa programu. Ya kwanza hubadilisha njia yenyewe: kisu huzunguka kona kwa mapinde madogomadogo ili pembe ya kukata isizidi kiwango ulichokiweka. Fusion, Mastercam na SolidCAM zina njia za aina hii, na FreeCAD, ambayo ni ya bure, inayo pia. Angalia kipimo kinachoombwa, kwa kuwa FreeCAD hutaka upana wa kukata kwa asilimia ya kipenyo ilhali Fusion huutaka kwa milimita. Namna ya pili, inayopatikana kwenye Vericut, huacha njia ilivyo, huigiza ukataji wa msimbo (maagizo ya mashine) uliokwisha kuandaliwa, kisha huvunja mistari mirefu vipande vipande na kukipa kila kimoja thamani yake ya F, yaani kasi ya kusogeza kisu. Kwa kazi mpya ningeanza na namna ya kwanza. Ya pili hufaa zaidi kwa msimbo wa zamani ambao hutaki kuuandaa upya.

Kabla ya kuhifadhi, kagua nguvu itakayohitajika. Katika mfano wetu, kina cha milimita 24 kwa mkupuo mmoja huondoa sentimita za ujazo 46 hivi kwa dakika, na kwa chuma cha aina hii spindeli itahitaji takriban kilowati 1.5. Mashine ndogo haitaweza. Igawie kina hicho mara mbili. Weka pia kikomo cha chini cha ulaji, kwa sababu jino linalokula kidogo mno husugua badala ya kukata, na joto lake huua makali mapema.

Iache programu ichezee F, lakini iwe na uhuru mdogo sana juu ya S, yaani mizunguko ya spindeli, ambayo ndiyo huamua kasi ya kukata. Frederick Winslow Taylor, mhandisi wa Marekani aliyechapisha majaribio yake mwaka 1907, alionyesha jinsi maisha ya kisu yanavyofungamana na kasi ya kukata. Kwa kabaidi, kuongeza kasi hiyo kwa asilimia 20 huweza kupunguza maisha ya kisu kwa nusu hivi.

Jaribio la kwanza lipitishe hewani, juu ya kipande kilichobanwa kwenye jiliwa, mstari mmoja mmoja. La pili likate chuma chakavu cha aina ileile, kitufe cha kasi kikiwa asilimia 50, kisha upandishe taratibu huku ukilinganisha kipimo cha mzigo wa spindeli na hesabu yako. Ukisikia mtetemo mkali, badilisha mizunguko au punguza kina. Kushusha F peke yake mara nyingi hakusaidii. Mashine ikichukua muda mrefu kuliko uigizaji ulivyotabiri, chanzo huwa ni uwezo wake wa kuongeza na kupunguza mwendo kwenye mapinde mafupi, hivyo ongeza nusukipenyo cha mapinde hayo.

Baada ya vipande kadhaa, tazama makali kwa lenzi. Uchakavu wa ubavu wa jino ukikaribia milimita 0.3, kisu kimefika mwisho. Andika kwenye maktaba ya visu ya programu thamani zilizofanya kazi, pamoja na urefu uliotokeza na kishikio kilichotumika, kwa kuwa thamani hizo hazitafaa kwa kisu hichohicho kikifungwa kwa urefu mwingine.