Ukitoka Kufundisha Kiingereza Japani: Karatasi, Pensheni, Kazi na Wenzako

Mikataba ya walimu wasaidizi wa Kiingereza chini ya JET, mpango wa serikali ya Japani ulioanza 1987, huisha Julai au Agosti. Ya kampuni binafsi mara nyingi huisha Machi, mwaka wa shule unapofungwa. Wiki za mwisho huliwa na karamu za kuagana na kugawa vyombo, na mambo yenye pesa huachwa hadi uwanja wa ndege, ambako hayatengenezeki tena. Mwongozo huu unaanzia hapo, kisha unaingia kwenye kazi na wenzako mtakaokutana nao baada ya kurudi. Majina ya Kijapani tumeyaacha kama yalivyo kwa sababu ndiyo utakayoyataja dirishani.

Karatasi za kukusanya kabla ya kuondoka

Anza miezi mitatu kabla. Ya kwanza ni zaishoku shomeisho, hati ya mwajiri inayoonyesha ulianza lini, umemaliza lini na cheo chako. Omba nakala mbili za Kiingereza zenye muhuri. Kama uliajiriwa na halmashauri ya elimu (kyoiku iinkai), hati inatoka huko, shuleni hawana mamlaka ya kuitoa. Ya pili ni barua ya sifa kutoka kwa mwalimu mkuu. Hii usiicheleweshe, maana walimu wakuu wa shule za umma Japani huhamishwa kila baada ya miaka michache, na uhamisho hutokea Aprili. Ukiandika barua pepe mwaka mmoja baadaye utajibiwa na mtu ambaye hakukuona hata siku moja.

Ya tatu ni gensen choshuhyo, hati ya mapato na kodi iliyokatwa. Mwajiri anatakiwa kuitoa ndani ya mwezi mmoja tangu umalize kazi, kwa hiyo huenda ikatoka ukiwa umeshasafiri. Mwachie anwani ya nyumbani, au umwombe aitume kwa rafiki aliyebaki.

Hati ya polisi inahitajika karibu kila mahali unapoomba kazi ya kukaa na watoto. Ukiwa bado Japani unaiomba makao makuu ya polisi ya mkoa, ukiwa na barua inayoonyesha nani anaihitaji. Ukishaondoka unapitia ubalozi wa Japani, unachukuliwa alama za vidole, maombi yanapelekwa Tokyo, na unasubiri kama miezi miwili au zaidi. Inakuja ndani ya bahasha iliyofungwa. Usiifungue. Ukiifungua imekufa, na unaanza upya.

Mwisho, taarifa ya kuhama, tenshutsu todoke, kwenye ofisi ya mji wako. Inapokelewa kuanzia siku 14 kabla ya kuondoka. Wengi huiona kama adabu tu ya kuaga mji, kumbe bila hiyo bado wewe ni mkazi, na mkazi halipwi pensheni yake ya mkupuo.

Ukiwa hapo ofisini uliza kodi ya wakazi, juminzei. Hutozwa kwa kipato cha mwaka uliopita, na anayedaiwa ni kila aliyekuwa mkazi Januari 1. Anayeondoka Agosti bado anadaiwa awamu zilizobaki: amwombe mwajiri azikate zote kwenye mshahara wa mwisho, au aache mtu wa kumlipia. Na ukiwa na uhuru wa kuchagua tarehe, kuondoka Desemba 28 badala ya Januari 5 kunakuepusha na bili nzima ya mwaka unaofuata.

Pensheni: pesa nyingi kuliko zote

Kila mwezi ulikatwa pensheni. Raia wa kigeni aliyechangia miezi 6 au zaidi, na ambaye hajafikisha miaka 10 inayompa haki ya pensheni ya uzeeni, anaweza kudai sehemu irudishwe kwa mkupuo. Madai haya huitwa dattai ichijikin. Una miaka miwili tu, inayohesabiwa tangu uache kuwa mkazi. Ikipita, pesa imekwenda.

Hesabu ya aliyekuwa kwenye kosei nenkin, pensheni ya waajiriwa, haiendi mwezi kwa mwezi. Inaruka kwa vipande vya miezi sita. Wastani wa mshahara wako wa mwezi uliosajiliwa unazidishwa na kipimo: miezi 12 ni 1.1, miezi 24 ni 2.2, miezi 30 ni 2.7, miezi 36 ni 3.3, na kikomo ni miezi 60 kwa 5.5. Kikomo hicho kilipandishwa kutoka miezi 36 Aprili 2021, kwa hiyo usimsikilize mwenzako aliyerudi zamani akikwambia kukaa zaidi ya miaka mitatu hakuna faida.

Chukua wastani wa yeni 300,000. Miezi 36 inakupa yeni 990,000. Miezi 35 inahesabiwa kama 30, na unapata 810,000. Mwezi mmoja umekugharimu yeni 180,000. Na mwezi huo hupotea kwa njia ya kijinga: mkataba ukiisha siku moja kabla ya mwisho wa mwezi, mwezi huo hauhesabiwi kwenye pensheni ya waajiriwa. Mkataba unaoisha Machi 31 unaihesabu Machi, unaoisha Machi 30 hauihesabu. Soma tarehe hiyo kabla hujasaini. Mwajiri anayeandika tarehe 30 anaokoa mchango wake wa mwezi mzima.

Kwenye mkupuo huo serikali inakata kodi ya asilimia 20.42. Katika mfano wetu ni yeni 202,158, na zinabaki 787,842. Kodi hiyo inarudishwa, lakini haiji yenyewe. Unamteua mtu anayeishi Japani awe wakala wako wa kodi, nozei kanrinin. Hahitaji leseni, mwalimu mwenzako anatosha, mradi awe mtu atakayebaki Japani mwaka mzima ujao. Fomu inapelekwa ofisi ya kodi inayosimamia anwani yako ya mwisho, vizuri zaidi kabla hujaondoka, ingawa hata baadaye inakubaliwa. Pensheni ikishalipwa unatumiwa taarifa ya malipo. Mtumie wakala taarifa hiyo halisi, anadai kwa niaba yako, na pesa inaingia kwenye akaunti yake. Muda wa kudai ni miaka mitano.

Kama mwajiri wako hakukuweka kwenye pensheni ya waajiriwa, jambo la kawaida kwa kampuni zinazoajiri kwa saa chache, basi ulilipa mwenyewe kokumin nenkin, pensheni ya taifa. Nayo ina mkupuo. Ni mdogo, lakini haukatwi kodi.

Maombi yanahitaji fomu, nakala ya pasipoti, namba ya pensheni yenye tarakimu 10 na uthibitisho wa akaunti ya benki. Yanapokwama, sababu kubwa ni jina. Pasipoti ina majina matatu, akaunti ya nyumbani ilifunguliwa kwa mawili, na malipo yanarudi Tokyo. Rekebisha jina benki kwanza ndipo utume fomu, na hakikisha akaunti yenyewe inapokea fedha za kigeni.

Kabla ya kudai, jiulize utaishi wapi uzeeni. Japani ina mikataba na nchi kama Marekani, Kanada na Australia ya kujumlisha miaka ya michango. Ukichukua mkupuo, miezi hiyo inafutwa na haijumlishwi tena. Kwa anayerudi Kenya au Tanzania hakuna mkataba wa kupoteza, kwa hiyo chukua pesa.

Kuieleza kazi yako kwenye CV

“Nilifundisha Kiingereza Japani” ni sentensi inayomfanya mwajiri afikirie likizo ndefu. Mpe ukubwa wa kazi. Linganisha na hii: “Mwalimu msaidizi katika shule nne (tatu za msingi, moja ya kati), vipindi 18 kwa wiki, madarasa ya wanafunzi 30 hadi 35, niliandaa zana na mipango ya vipindi vya darasa la tano na la sita.” Mwajiri sasa anaona ratiba, safari kati ya shule, na mtu anayeweza kusimama mbele ya umati. Ongeza muktadha kwa mstari mmoja: tangu 2020, Kiingereza ni somo kamili darasa la tano na la sita, vipindi 70 kwa mwaka, na darasa la tatu na la nne lina vipindi 35. Kama ulikuwapo wakati shule yako inahamia huko, ulishiriki kubadilisha mtaala, na neno hilo lina soko.

Usijiandike mwalimu mwenye leseni kama huna. Kazi ya msaidizi haidai leseni Japani, na miaka yake haigeuki kuwa leseni kwingine: TSC, tume ya walimu ya Kenya, itataka shahada au stashahada ya ualimu, na shule za serikali Uingereza zitataka QTS, hadhi ya mwalimu aliyehitimu. Anayetaka kubaki kwenye ufundishaji wa Kiingereza kwa watu wazima aangalie CELTA, cheti cha kazi hiyo, yenye saa zisizopungua 120 za kozi, sita kati yake zikiwa za kufundisha wanafunzi halisi huku unatazamwa. Uzoefu wa Japani unasaidia kupata nafasi na kuimaliza, ila hauchukui nafasi ya cheti.

Kijapani chako kina thamani gani

Bila cheti cha JLPT, mtihani wa kupima Kijapani wenye viwango kuanzia N5 hadi N1 cha juu kabisa, “naongea Kijapani” ni maneno. N2 ndiyo kiwango ambacho kampuni huanza kukusikiliza. N1 ni kwa tafsiri ya kulipwa. N2 inapita kwa alama 90 kati ya 180 na N1 kwa 100, ila ukishuka chini ya 19 katika sehemu yoyote kati ya zake tatu umefeli hata jumla ikiwa kubwa. Japani mtihani unafanyika Julai na Desemba. Ukifanya wa Julai na kuondoka Agosti, cheti kitatumwa kwa posta kwenye anwani uliyoihama. Andika anwani ya rafiki tangu siku ya kujisajili.

Wenye Kijapani kizuri walioko Marekani au wenye nauli huenda Boston Career Forum, maonyesho ya ajira kila Novemba kwa wanaojua Kijapani na Kiingereza. Makampuni huhoji hapohapo, na wengine hutoa nafasi kabla maonyesho hayajafungwa. Omba mahojiano mtandaoni wiki kadhaa kabla. Anayefika bila miadi anabaki kuzunguka na mfuko wa vipeperushi.

Afrika Mashariki milango ni mingine. JETRO, shirika la Japani la biashara ya nje, ina ofisi Nairobi, JICA, shirika lake la misaada ya maendeleo, ina ofisi katika miji mikubwa ya kanda, na waongozaji watalii wanaojua Kijapani hutafutwa Nairobi na Arusha. Lakini kazi ambayo wanaorudi huisahau, na iko mlangoni, ni magari ya mtumba. Mombasa na Dar es Salaam hupokea magari kutoka minada ya Japani, na kila gari la mnada lina karatasi ya ukaguzi iliyoandikwa kwa mkono, kwa Kijapani. Wanunuzi wengi wanaona tu daraja lililoandikwa juu ya karatasi, 4 au 3.5, na hawajui kilichoandikwa chini yake.

Inasomeka hivi. Mwaka umeandikwa kwa enzi: R ni Reiwa, ongeza 2018, kwa hiyo R2 ni 2020, H ni Heisei, ongeza 1988, kwa hiyo H30 ni 2018. Kwa Kenya, inayokataa gari lililozidi miaka minane, kukosea enzi ni kukwama bandarini. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni alama ya kunyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa, na namba inayofuata ni ukubwa wa tatizo. Daraja la R au RA linamaanisha gari liliwahi kurekebishwa baada ya ajali. Neno la kulitafuta ni 修復歴, historia ya matengenezo ya fremu. Likiwa na 有 ipo, likiwa na 無 haipo. Mengine yako kwenye maelezo ya mkaguzi, mwandiko wa haraka usiofanyiwa hisani na programu za tafsiri. Toza kwa karatasi moja, jibu ndani ya saa chache kwa sababu mnada hausubiri, na usitoe ushauri wa kununua. Sema karatasi imesema nini, uishie hapo.

Wenzako

Waliopitia JET wana chama chao, JETAA, kilichoanzishwa 1989, chenye matawi zaidi ya 50 duniani. La Afrika Kusini ni moja wapo, na Marekani kuna USJETAA iliyoundwa 2015 kusaidia matawi ya huko. Unajiunga na tawi la unakoishi sasa, si la mji uliotokea. Uliyefundisha kwa kampuni binafsi uliza kama tawi linapokea marafiki wa JET, yaani wasiopitia mpango huo. Faida yake kubwa ni watu waliorudi miaka mitano kabla yako na ambao sasa wanaajiri. Usiende kuomba kazi siku ya kwanza. Jitolee kuzungumza na wanaojiandaa kuondoka, maana matawi huhitaji wasemaji kabla ya kila safari ya Julai na Agosti, na meza ya wasemaji ndiyo wanayokaa maafisa wa ubalozi.

Ambako tawi halipo, watu watano wanatosha. Changanya waliofundisha na waliosoma Japani kwa ufadhili, kwa sababu walimu peke yao ni wachache mno katika mji mmoja wa huku. Wekeni tarehe mbili tu za mwaka: shinnenkai, karamu ya mwaka mpya, mwezi Januari, na kikao cha Septemba cha kuwapokea waliorudi. Mkiomba ubalozi jambo, ombeni ukumbi, msiombe fedha, na barua ifike miezi miwili kabla ikiwa na idadi ya watu, saa za kuanza na kumaliza, na jina la mtu mmoja wa kupigiwa simu. Orodha ya wanachama itunzwe na watu wawili, mmoja wao akiwa hana mpango wa kurudi tena Japani.