Lupu au Sampuli za Pigo Moja?

Kabla ya kuchagua kipi utumie kutengenezea mdundo wa wimbo, jiulize kama mdundo unaoutaka umekwisha kukukaa kichwani. Ikiwa bado, anza na lupu, yaani kipande cha mdundo kilichokwisha kurekodiwa ili kijirudierudie, kwa kuwa huja na mpangilio na mwendo wake, nawe utapata upesi kitu cha kuimbia. Hata hivyo, lupu iliyorekodiwa kwa mapigo 90 kwa dakika ikilazimishwa kufuata kasi ya 120, ngoma zake huweza kupoteza ule mgoto wa mwanzo. Hapo hufaa zaidi sampuli za pigo moja, yaani milio ya ngoma iliyorekodiwa mmojammoja, zisizofungwa na kasi yoyote, ambazo utazipanga mwenyewe, pengine ukiichelewesha kidogo sneya, ile ngoma yenye mlio mkali, ili mdundo ulegee. Mimi mara nyingi huikata lupu vipande nikabakiza haiheti tu, yaani mlio wa jozi ya matoazi.