Jinsi ya Kujaza na Kuwasilisha Mpango wa Safari ya Ndege: Mwongozo kwa Rubani Mpya wa Ndege Ndogo

Rubani aliyekwisha kupata leseni ya rubani binafsi hana tena mwalimu wa kupitia makaratasi yake kabla ya kuruka. Wakati wa mafunzo, mpango wa safari hujazwa mbele ya mwalimu ambaye tayari anaijua ndege, anaijua njia na anamjua mwanafunzi wake. Baada ya leseni, fomu hiyo hiyo itasomwa na mtu asiyekufahamu kabisa, na huenda akaisoma kwa makini kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba hujafika ulikosema utafika. Mwongozo huu unafuata fomu ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, yaani ICAO, ambayo hutumika karibu duniani kote, na unamshauri rubani aijaze akimfikiria msomaji huyo.

Kwanza hakikisha iwapo safari yako inalazimu mpango. Kanuni za ICAO zinautaka, miongoni mwa nyingine, kwa safari yoyote itakayohudumiwa na waongoza ndege na kwa safari inayovuka mpaka wa nchi. Mamlaka ya usafiri wa anga ya kila nchi inaweza kuongeza maeneo au safari nyingine, kwa mfano safari ya usiku inayotoka nje ya eneo la karibu la kiwanja, kwa hiyo soma kitabu cha taarifa za anga cha nchi unakorukia. Kwa maoni yangu, rubani mpya anayevuka msitu, maji mengi au nyika isiyo na watu awasilishe mpango hata pale asipolazimishwa, kwa kuwa huo ndio unaowafanya watu wajue mapema kwamba amechelewa.

Usianze kujaza fomu kabla ya kumaliza hesabu za safari. Pata utabiri wa hali ya hewa wa kiwanja unachotoka, unachokwenda na cha akiba. Soma notamu zote, yaani matangazo rasmi kwa marubani kuhusu viwanja na anga, zinazohusu njia yako. Kisha kokotoa muda na mafuta kwa kuzingatia upepo wa siku hiyo. Kwa safari ya mchana ya kuruka kwa kuona (VFR, yaani rubani anaongozwa na anachokiona nje), kiwango cha ICAO ni kubaki na mafuta ya dakika 30 kwa mwendo wa kawaida baada ya kufika, na usiku ni dakika 45. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, na rubani ambaye bado anajifunza tabia ya ndege yake anafanya vyema akijiwekea akiba kubwa zaidi.

Sasa fungua fomu. Kipengele cha 7 ni utambulisho wa ndege, unaoandikwa bila kistari na usiozidi herufi na tarakimu 7. Katika kipengele cha 8 andika V kwa safari ya kuruka kwa kuona, kisha G kwa safari ya binafsi. Kipengele cha 9 kinataka aina ya ndege kwa kifupisho chake rasmi, kwa mfano C172 kwa Cessna 172, kikifuatiwa na mkwaju (/) na herufi L, ambayo ni ya ndege zenye uzito wa juu usiozidi kilo 7,000. Ikiwa ndege haina kifupisho rasmi, andika ZZZZ na utaje aina yake katika kipengele cha 18 baada ya TYP/.

Kipengele cha 10 huhusu vifaa, na hapa uaminifu unahitajika kuliko haraka. Herufi S kabla ya mkwaju inamaanisha kwamba ndege ina redio ya mawasiliano ya VHF, kipokezi cha VOR (vituo vya redio vya kuelekezea njia) na kipokezi cha ILS (mfumo wa kuongoza ndege kutua), vyote vitatu. Ndege nyingi ndogo hazina vyote, na hata zilizo navyo huenda kimoja ni kibovu. Taja kile kinachofanya kazi tu: V kwa redio ya VHF, O kwa VOR, G kwa mfumo wa satelaiti. Baada ya mkwaju andika C ikiwa transponda, yaani kifaa kinachojibu rada, inatoa namba pamoja na mwinuko, au N ikiwa ndege haina transponda.

Katika kipengele cha 13 andika herufi nne za kiwanja unachotoka na saa ya kuondoka kwa tarakimu nne. Saa hiyo ni ya UTC, yaani saa moja ya pamoja inayotumika dunia nzima, wala si ya mahali ulipo, na ni wakati ndege inapoanza kusogea kutoka ilipoegeshwa, wala si wakati magurudumu yanapoacha ardhi. Ikiwa saa ya mahali ulipo iko mbele ya UTC kwa saa 3 na unataka kuondoka saa 10:00 kwa mfumo wa saa 24 (saa nne asubuhi), utaandika 0700. Angalia pia tarehe, kwa sababu safari ya alfajiri inaweza kuangukia siku iliyotangulia kwa hesabu ya UTC.

Kipengele cha 15 ndicho kinachoeleza njia. Mwendo wa noti 105 (maili za baharini kwa saa) huandikwa N0105, na mwinuko wa futi 4,500 huandikwa A045. Asiyetaka kujifunga kwa mwinuko mmoja katika anga isiyoongozwa anaweza kuandika VFR. Usiridhike kuandika DCT (moja kwa moja) moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nje ya njia rasmi za anga, taja vituo visivyoachana kwa zaidi ya dakika 30 za kuruka au kilomita 370, na mimi ningeshauri viwe karibu zaidi: mji, daraja la mto mkubwa au kituo cha VOR, kila kimoja kwa kifupisho chake rasmi au kwa latitudo na longitudo. Mtafutaji mwenye vituo vinne anajua aanzie wapi.

Kipengele cha 16 kinapokea kiwanja cha mwisho, muda wote wa kuruka, kwa mfano 0140 kwa saa 1 na dakika 40, na kiwanja cha akiba. Pale ambapo kiwanja hakina kifupisho, andika ZZZZ na ueleze mahali kilipo katika kipengele cha 18 baada ya DEST/. Kama kipengele cha 18 hakina la kuelezwa, andika 0.

Kipengele cha 19 hupuuzwa na wengi, ilhali ndicho kilichowekwa kwa ajili ya waokoaji. Kwa kawaida hakitumwi pamoja na ujumbe wa safari, bali hubaki mahali ulipouwasilisha mpango na kuulizwa pindi unapotafutwa. E/ ni muda ambao mafuta yaliyomo yataiweka ndege angani. Kama matangi yana lita 140 zinazotumika na injini hutumia lita 35 kwa saa, andika 0400. Lakini kama umepunguza mafuta ili ubebe abiria, piga hesabu upya kwa yale yaliyomo siku hiyo. P/ ni idadi ya watu wote, pamoja nawe. Katika R/ (redio ya dharura), S/ (vifaa vya kujiokoa), J/ (majaketi ya kuokoa maisha) na D/ (boti za mpira) utaratibu wa fomu ya karatasi ni kufuta kile usichokuwa nacho, kwa hiyo anayeacha sehemu hizo bila kuzigusa ametangaza kwamba amebeba majaketi ya kuokoa maisha na boti ya mpira ambavyo havimo ndani ya ndege. Katika A/ eleza rangi jinsi mtu aliye juu angeiona: nyeupe yenye mstari mwekundu, ncha za mabawa za buluu.

Wasilisha mpango kwa ofisi ya huduma za anga, kwa simu au kwa mfumo wa mtandaoni unaokubalika, angalau dakika 60 kabla ya kuondoka, isipokuwa mamlaka imepanga vinginevyo, kisha usubiri uthibitisho kwamba umepokelewa. Ukichelewa zaidi ya dakika 30 kwa safari inayoongozwa, au zaidi ya saa 1 kwa isiyoongozwa, toa taarifa ili mpango urekebishwe, au uufute na kuwasilisha mwingine. Unapotoka kwenye kiwanja kisicho na mnara, ripoti saa halisi uliyoruka kwa redio au kupitia mtu aliyebaki chini, maana bila hivyo huenda mpango ukabaki umelala.

Hatua ya mwisho ni kuufunga. Ripoti ya kufika inataja utambulisho wa ndege, kiwanja ulichotoka, kiwanja ulichotua na saa ya kutua. Mahali pasipo na mnara wala simu, itume kwa redio kabla hujashuka chini kiasi cha kupoteza mawasiliano. Ukisahau, dakika 30 baada ya saa uliyotarajiwa hali ya mashaka hutangazwa, simu huanza kupigwa kiwanja kwa kiwanja, na jambo likiendelea ndege za uokoaji huondoka kumtafuta mtu asiyepotea huku aliyepotea kweli akisubiri. Ukitua kwingine kwa sababu ya hali ya hewa, taja waziwazi katika ripoti yako kiwanja ulichokuwa unakwenda, kwa kuwa huko ndiko wanakokungojea.