Boti ya faiba iliyotumika: jinsi ya kuikagua kabla ya kwenda nayo kuvua

Ukikuta boti iliyotumika imepakwa rangi mpya ndani na nje, muulize mwenyewe kwa nini, halafu uikague mara mbili. Rangi haizibi ufa, inauficha. Boti iliyochakaa isiyopakwa kitu hukuonyesha maradhi yake yote bila kuulizwa, na mara nyingi hiyo ndiyo ya kununua.

Maelezo haya ni ya boti ya wazi ya faiba ya futi 16 hadi 22, yenye injini ya kupachika ya nguvu farasi 15 hadi 40, aina wanayovulia watu kuanzia Lamu hadi Mtwara. Ifikie maji yakiwa yamekupwa na yenyewe imelala mchangani, ukae nayo mpaka maji yajae na ielee. Ni kama saa sita, na zote utazihitaji. Chukua nyundo ndogo ya plastiki (kipini cha bisibisi nacho kinafaa), tochi, chaki, futi kamba, kitambaa kikavu na ndoo ya lita 20.

Ikiwa kavu

Anza kugonga kutoka omo (mbele) kwenda tezi (nyuma), kila baada ya upana wa kiganja. Faiba nzima hulia kavu na kali. Ukifika mahali sauti inadidimia kama unagonga godoro, piga chaki: ama tabaka za faiba zimeachana, ama mbao au povu lililo ndani limelowa. Kagua zaidi chini ya omo, panapoburutwa mchangani kila siku, na kwenye pembe ambapo ubavu unakutana na ubao wa nyuma.

Nyufa si zote sawa. Zile nyembamba zilizosambaa kama nyota ni za tabaka la juu tu, zinatokana na kugongwa, na hazizamishi mtu. Ila ukiona nyufa kadhaa zinazokwenda sambamba mahali pamoja, ujue ubavu unakunjika kila wimbi linapoupiga, na hapo kuna kiungo cha ndani kilichoachia. Pitisha ukucha juu ya ufa. Ukucha ukinasa, futa kwa kitambaa kikavu urudi baada ya robo saa. Pakiwa na unyevu tena, ufa umepenya.

Kipimo kizuri kuliko vyote hakina gharama: mimina ndoo tano za maji ndani ya boti ikiwa mchangani, kausha nje, ungoje nusu saa. Panapotoka maji sasa ndipo yatakapoingilia baadaye.

Ubao unaobeba injini

Hapa usiwe na haraka, kwa sababu boti nyingi za faiba hufia hapa. Ubao wa nyuma kwa kawaida ni plaiwudi iliyofunikwa faiba pande zote mbili. Kila tundu la bolti au skrubu lililotobolewa bila kuzibwa vizuri hupitisha maji hadi kwenye plaiwudi, na maji ya mvua huozesha mbao haraka kuliko ya chumvi. Kwa nje ubao unabaki unang'aa, ndani umeshakuwa kama tambuu iliyotafunwa.

Teremsha injini, shika mguu wake kwa chini, uusukume juu na chini kwa nguvu huku mwenzako akiangalia maungio ya ubao na mbavu. Injini icheze kwenye bawaba zake, ubao usicheze kabisa. Ukiona ufa unafunguka na kufumba, au ubao unapumua, biashara imekwisha, labda bei ishuke kiasi cha kulipia ubao mpya. Angalia pia washa za bolti za injini. Zikiwa zimezama ndani ya faiba, mbao chini yake imelainika na mtu amekuwa akikaza bolti kila mwezi bila kujiuliza zinalegea kwa nini. Mwenye boti akikubali, fungua skrubu moja ya chini. Likitoka tone la maji ya kahawia, huna haja ya kuendelea na ubao huo.

Ubao uliooza hauvunjiki boti ikiwa imetulia. Huvunjika injini ikiwa imefunguliwa yote na boti inapiga mawimbi. Injini inang'oka na kipande cha ubao, na bahari inaingia kwa nyuma.

Pima na kimo cha ubao pale injini inapokaa. Injini ya mguu mfupi inataka kama sentimita 38, ya mguu mrefu kama 51. Mguu ukiwa mfupi kuliko ubao, propela inavuta hewa na boti haisogei kwenye mawimbi. Ubao uliokatwa chini ili kupokea injini fupi ni hatari zaidi, maana ukirudi nyumbani na upepo wa kusi mgongoni, wimbi linaingia pale pale palipokatwa.

Ikijaa maji, itabaki juu?

Faiba na injini vyote huzama. Kinachoibakiza boti juu ni povu au vyumba vilivyofungwa, na hesabu yake ni nyepesi: lita moja ya hewa au povu hubeba karibu kilo moja. Gamba la faiba la kilo 300 likizama hupoteza karibu theluthi mbili ya uzito wake, kwa hiyo linabaki kama kilo 100 za kubebwa. Weka injini ya farasi 40, betri na nanga, unafika kilo 180 au zaidi. Boti ya namna hiyo inataka lita 250 za povu ili watu nao wapate pa kushikilia.

Kama haina, madumu 12 ya lita 20 yaliyofungwa vizibo barabara yanakupa lita 240. Yafunge kwa mikanda imara chini ya viti, pande zote mbili, juu iwezekanavyo. Ukiyaweka sakafuni, boti ikijaa maji itapinduka. Ukiyarundika omo, tezi itazama na injini. Povu jeupe la kufungashia televisheni usilitumie, petroli ikilimwagikia linayeyuka.

Povu lililo ndani ya sakafu nalo huzeeka na kunywa maji. Dalili yake ni boti inayoelea ikiwa imelalia upande mmoja bila mzigo, au alama ya zamani ya maji ubavuni iliyo chini ya alama ya leo.

Majini, na mzigo

Ikishaelea, tazama kwanza kizibo cha kutolea maji. Tundu la sentimita 2.5 lililo sentimita 30 chini ya maji huingiza zaidi ya lita 40 kwa dakika, yaani ndoo mbili. Mtu mmoja anaweza kumudu kuyakumba kwa muda mfupi, lakini hataweza kukumba na kuongoza boti. Kizibo kifungwe kwa uzi, na cha akiba kiwepo.

Walinzi wa Pwani wa Marekani wana kanuni nyepesi kwa boti zisizofika futi 20: zidisha urefu kwa upana, kwa futi, kisha ugawe kwa 15. Boti ya futi 18 kwa 6 inatoa 108, ukigawa unapata watu 7. Watu wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Hesabu hiyo ni ya watu wa kilo 68 bila mzigo, kwenye maji matulivu. Mvuvi ana barafu kilo 150, nyavu mbichi kilo 100, mafuta kilo 45, nanga na kamba kilo 25. Jumla ni kilo 320, karibu watu watano. Waliobaki ni wawili.

Pakia viroba vya mchanga vyenye uzito huo, waingie na watu, kisha pima kutoka usawa wa maji hadi mahali pa chini kabisa pa ukingo. Zikiwa chini ya sentimita 40, boti hiyo ni ya ndani ya mwamba wa matumbawe tu, kwenye maji yaliyokingwa. Halafu watu wawili wasimame upande mmoja. Boti nzuri huinama, kisha hugoma. Ile inayoendelea kuinama polepole bila kugoma ni nyembamba kwa kazi unayoitaka, na hakuna fundi atakayeiponya.

Kabla ya kupakua, mimina ndoo tano ndani uitikise. Utaona kilo 100 za maji zikikimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito. Ndiyo maana ngama, pale chini ndani ya boti panapokusanyika maji, isiachwe na maji hata kidogo, na samaki wawekwe kwenye sanduku, wasimwagwe sakafuni.

Injini

Iguse kabla haijawashwa. Ikiwa na joto, huenda muuzaji ameiwasha asubuhi kwa sababu ikiwa baridi inasumbua. Ikiwaka, maji ya kupozea yachuruzike kwa nguvu ndani ya sekunde chache. Yakitoka kwa kudondoka tone tone, kuna chumvi iliyoganda njiani au pampu imechoka. Fungua kidogo skrubu ya chini ya gia: mafuta yakiwa meupe kama maziwa, sili (mipira ya kuzuia maji) zimepitisha maji. Kompresheni (nguvu ya mgandamizo) za silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10. Pampu ya mkono kwenye mpira wa mafuta ikishaminywa ibaki ngumu. Vipande vya zinki, vinavyoliwa na kutu badala ya injini, vikiliwa nusu vibadilishwe, na vikipakwa rangi havifanyi kazi. Vuta kamba ya kuzimia uone kama kweli inazima.

Injini ya farasi 40 ya viharusi viwili, ikifunguliwa yote, hunywa kama lita 15 hadi 20 kwa saa. Theluthi moja ya mafuta ni ya kwendea, moja ya kurudia, moja haiguswi.

Injini ikizima nje ya mwamba wakati wa kusi, upepo na mkondo vyote vinakusukuma kaskazini, na vinafanya hivyo mpaka mtu akuone. Kwa hiyo nanga ni kifaa cha uhai: kamba mara tano ya kina, mnyororo wa mita 3 hadi 5, na mahali pa kufungia omo pawe na bolti zilizopita hadi upande wa pili zikashika bamba. Nanga isifungwe tezi, wimbi litaingia nyuma. Kasia mbili ziwemo, na tanga dogo si aibu. Jaketi okozi kwa kila mtu, redio ya VHF yenye chaneli 16 ya dharura, tochi, filimbi, kioo.

Karatasi nazo zitazamwe: namba ya ubavuni na ya injini zilingane na cheti. Tanzania Bara vyombo husimamiwa na TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli), Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, Kenya ni KMA (mamlaka ya bahari ya nchi hiyo). Cheti kinaeleza boti ilivyokuwa siku ya ukaguzi. Leo ni kazi yako.

Mwisho, kausha ngama kabisa kwa kitambaa, mtoke na mwenyewe kwa saa nzima, ndani ya mwamba, alasiri upepo ukiwa umeamka. Mwende uso kwa uso na mawimbi, kisha mgeuke nayo mgongoni. Mkirudi, pima maji yaliyoingia na uonje kwa ulimi. Yakiwa ya chumvi na kwenye mawimbi hayakuruka ndani, rudi kwenye alama zako za chaki na tochi, ndipo mzungumze bei.