Somo: Kuomba ruhusa ya kutumia programu huria kwenye vitini vya mafunzo

Wakuu, waandaaji wengi wa vitini vya programu huria (zile zilizo wazi kwa yeyote kuzitumia na kuzibadilisha) huomba ruhusa pasipohitajika, halafu wakabandika nembo ya watu kwenye cheti bila kumuuliza yeyote. Tuchukue mfano wa kitini cha kurasa 40 cha kufundisha QGIS, programu huria ya ramani, kwa kuchora ramani ya mialo (bandari ndogo za wavuvi) ya Ilemela, Mwanza, nakala 30 za kutolewa steshenari.

Hatua ya 1. Tenganisha vitu vinne. Pitia rasimu na kalamu, uweke alama pembeni: J kwa jina la programu, P kwa picha ya skrini, M kwa maandishi ya kunakili au kutafsiri, N kwa nembo. J zote achana nazo. Kuandika "fungua QGIS" ni kutaja kitu kwa jina lake, hakuombewi ruhusa.

Hatua ya 2. Soma leseni ya maandishi yenyewe. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, maana leseni ya programu siyo leseni ya kitabu chake. LibreOffice (programu za kazi za ofisi) iko chini ya leseni ya MPL 2.0, lakini vitabu vyake vya mwongozo vinatolewa kwa leseni ya GPL 3 au CC BY 4.0, unachagua mwenyewe. Mwongozo wa GIMP (programu ya kuhariri picha) una leseni ya GFDL. Fungua ukurasa wa hakimiliki mwanzoni mwa kitabu, usiishie kwenye faili la LICENSE la programu.

Ukikuta CC BY (leseni ya Creative Commons), tumia, hata kuuza unaweza, ila utaje waandishi, leseni, na kwamba umebadilisha. Ikiongezeka SA (toa kwa masharti yaleyale), tafsiri yako nayo itoke kwa leseni hiyohiyo. NC (isiwe kwa biashara) na unatoza ada? Andika kuomba. ND (usigawe iliyobadilishwa) ndiyo ngumu zaidi kwetu: tafsiri ya Kiswahili huwezi kuigawa bila ruhusa.

Mstari wa kutaja uwe hivi: "Sura ya 3 imetafsiriwa na kufupishwa kutoka Writer Guide, LibreOffice Documentation Team, CC BY 4.0, creativecommons.org/licenses/by/4.0". Anwani iandike yote. Kwenye karatasi hakuna cha kubofya.

Hatua ya 3. Kagua kilichomo ndani ya picha. Vitufe vya QGIS havina shida. Shida ni ramani iliyo nyuma yake. Ikiwa ni OpenStreetMap (ramani huria inayochangiwa na watu), chini ya picha andika "© wachangiaji wa OpenStreetMap, openstreetmap.org/copyright". Ikiwa ni picha ya setilaiti ya Google, leseni ya QGIS haikulindi hata kidogo, kwa kuwa Google wana masharti yao. Badilisha ramani, upige upya. Na jedwali lenye majina na simu za wavuvi lisionekane. Weka data ya kubuni.

Hatua ya 4. Andika barua pepe kwa yale yaliyobaki. Kwa kawaida ni nembo, NC na ND. Tafuta kwanza ukurasa wa mradi unaohusu alama ya biashara, huenda jibu liko hapo. Ukiandika, aya moja inatosha: kitini kinahusu nini, nakala ngapi, ada kiasi gani, unachotaka kutumia na ukurasa wa ngapi. Ambatanisha ukurasa huo. Wakikaa wiki mbili kimya, wakumbushe mara moja. Ukimya si ruhusa. Wasipojibu, ondoa kitu hicho. Jibu likija, lihifadhi pamoja na rasimu.

Maswali

*Nyegezi:* Mkuu, nikisajili kitini COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki Tanzania) si inatosha?
Jibu: Hapana. Hiyo inahusu kazi yako. Ya wengine iliyomo ndani bado ni yao.

*Buzuruga:* Darasa langu nataka kuliita "Moodle Mwanza", ada 50,000. Programu si ni ya bure?
Jibu: Msimbo wa Moodle, programu ya masomo ya mtandaoni, ndiyo, una leseni ya GPL. Jina ni alama ya biashara, na wenyewe wanataka uombe kabla ya kulitumia kuuzia huduma. "Mafunzo ya kompyuta", halafu Moodle uitaje ndani ya ratiba, ndiyo njia nyepesi.

*Sengerema:* Nimechukua mistari sita ya msimbo wenye leseni ya MIT, nifanyeje?
Jibu: Nakili tangazo lao la hakimiliki pamoja na maneno ya leseni, uyaweke kurasa za mwisho. Ni aya tatu tu, nusu ukurasa haifiki.